Mistari Elfu, Ukurasa Mmoja

Msanidi programu aliyefanya kazi kwa miaka mitano huwa ameacha nyuma yake maelfu ya mabadiliko ya msimbo, na karibu yote hayaonekani. Muamala wa simu unapokamilika, mteja huona ujumbe wa uthibitisho. Haoni mkono uliozuia fedha zake zisikatwe mara mbili. Kumbukumbu za mgonjwa zinapofunguka upesi kwenye kompyuta ya zahanati, nesi huendelea na foleni yake. Hajui kwamba kuna mtu alikesha akitafuta kwa nini zilikuwa zikichelewa. Kazi hii ikifanywa vizuri hujificha. Ndiyo maana kuitoa ndani ya msimbo na kuiweka katika wasifu wa kazi, ukurasa mmoja au kurasa mbili ambazo mgeni atazisoma akaelewa, ni ufundi unaostahili heshima kubwa kuliko tunayoupa.

Wengi huuchukulia kama shughuli ya kujaza fomu. Unaandika jina, chuo, kisha orodha: Java, Python, JavaScript, PHP, na mbele ya kila jina vinyota vitano au kipimo cha rangi kilichojaa asilimia 80. Asilimia 80 ya nini, hakuna anayesema. Orodha ya namna hiyo hutaja vifaa tu, na inaweza kuandikwa hata na mtu ambaye hajawahi kutengeneza chochote kwa vifaa hivyo. Fundi wa wasifu ninayemsifu hapa huanza kwingine kabisa. Huanza kwa kusoma.

Cha kusoma kipo tayari. Mwezi Aprili 2005 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alianza kuandika Git, baada ya jumuiya ya Linux kupoteza ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, chombo ilichokitegemea kutunza historia ya msimbo wake. Leo Git ndiyo inayotunza historia ya sehemu kubwa ya programu zinazoandikwa duniani. Kila badiliko linaloingia humo hubeba jina la mwandishi, anwani yake ya barua pepe, tarehe na saa, ujumbe wa kueleza kilichofanyika, na alama ya badiliko lililotangulia. Hata mwandishi wa badiliko na yule aliyeliingiza kwenye hazina ya msimbo hutajwa kila mmoja kwa nafasi yake, kwa sababu katika Linux viraka vya msimbo vilitumwa kwa barua pepe na mtu mwingine ndiye aliyeviingiza. Kumbukumbu ya namna hii ina sifa ambayo akili ya binadamu haina: haisahau kazi ya siku ya kawaida. Mtu akiulizwa amefanya nini kwa miaka mitatu, atataja mradi mkubwa wa mwisho na ule uliomtesa zaidi. Git inayo yote yaliyo katikati.

Dar es Salaam yupo mama mmoja, mhandisi wa programu wa siku nyingi, ambaye vijana humwendea wanapotafuta kazi. Nimekaa karibu naye akiwasaidia, na ninachokieleza hapa kwa sehemu kubwa nimekiona mikononi mwake. Kijana akifika na wasifu aliokwisha kuuandika, mama huuweka pembeni na kumwomba afungue kompyuta. Amri ya kwanza ni git shortlog, inayoorodhesha waandishi wote wa hazina na idadi ya mabadiliko ya kila mmoja. Mara nyingi hapo kijana mmoja hutokea kama watu watatu: kuna jina la chuoni, jina la kompyuta ya ofisini, na lakabu aliyojipa zamani alipokuwa akijifunza. Mama huandika faili fupi liitwalo .mailmap, ambalo huiambia Git kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na hesabu inakaa sawa. Hatua ni ndogo, lakini asiyeijua anaweza kupoteza mwaka mzima wa kazi ya mtu kabla hajaanza kuisoma.

Kisha huita git log ya mwandishi huyo peke yake, huondoa mabadiliko ambayo ni ya kuunganisha matawi tu, na kuipindua orodha ili ianze na ya zamani. Husoma kutoka siku ya kwanza. Ukianzia mwisho unaona mtu alipofika. Ukianzia mwanzo unaona alivyokua. Kuna miezi ya kubadilisha rangi za vitufe na kusahihisha tahajia. Kisha inakuja dosari moja aliyoifuata kutoka faili hadi faili mpaka akaikamata. Kisha siku aliyoaminiwa kugusa sehemu ya malipo. Penye ujumbe unaosema “marekebisho” na si zaidi, mama hapiti. Hulifungua badiliko lenyewe, akasoma mistari iliyoondolewa na iliyoongezwa. Kwenye daftari lake kuna safu tatu: hali ilikuwaje, kijana alifanya nini, baadaye ikawaje. Safu ya kati hujaa haraka. Zile mbili za pembeni ndizo anazozifanyia kazi, na anazifanyia kwa kuuliza.

“Hapa ulifanya nini, mwanangu?”

“Nilirekebisha malipo, mama.”

“Yalikuwa na nini?”

“Mtandao ukikatika, simu inatuma ombi tena. Mteja anakatwa mara mbili.”

“Ukafanyaje?”

“Nikaweka namba kwenye kila ombi. Hifadhidata ikiona namba imeshapita, inakataa.”

“Na baada ya hapo?”

“Wale wa huduma kwa wateja wakaacha kutupigia.”

Badiliko lenyewe halikufika mistari 20. Katika wasifu aliokuja nao kijana, lilikuwa limezama ndani ya sentensi iliyosema ametumia Java na PostgreSQL kuboresha mfumo wa malipo. Walipomaliza, sentensi ilikuwa hivi: “Nilikomesha makato yanayojirudia mtandao unapokatika katikati ya muamala, kwa kuweka namba ya pekee kwenye kila ombi na kuifanya hifadhidata ikatae namba iliyokwisha kutumika (Java, PostgreSQL).” Majina ya vifaa yamebaki, ila yamehamia mwishoni. Kilichotangulia ni tatizo, na kinachofuata ni njia. Ofisa wa ajira ambaye si mhandisi anaelewa nusu ya kwanza. Mhandisi anaelewa nusu ya pili, na papo hapo ana swali la maana la kuuliza: je, maombi mawili yenye namba moja yakifika kwa wakati uleule? Sentensi imefungua mlango wa mazungumzo ambayo kijana anayaweza, kwa kuwa jambo analolijadili alilifanya kwa mkono wake.

Wasifu wenyewe huishia kuandikwa kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya matangazo mengi ya kazi hizi. Hata hivyo mama hutaka kila jambo lisemwe kwanza kwa Kiswahili, kwa maneno ambayo kijana angemweleza shangazi yake. Misamiati mizito ya kiofisi, ile ya kuongoza mageuzi na kuleta suluhisho bunifu, haifui dafu mbele ya shangazi. Shangazi atauliza: kwani ulifanya nini hasa? Baada ya jibu la swali hilo kupatikana, tafsiri ni kazi nyepesi.

Hesabu ndiyo sehemu ngumu, na hapo ndipo ninapouona ustadi wote wa mama. Mwaka 1982, wakati Apple ikitengeneza kompyuta ya Lisa, mameneja waliamua kila mhandisi ajaze fomu ya wiki kuonyesha ameandika mistari mingapi ya msimbo. Bill Atkinson, aliyebuni QuickDraw, sehemu ya kuchora picha kwenye skrini, alikuwa ametoka kuiandika upya kazi ya kukokotoa maumbo. Msimbo mpya ulikuwa na kasi takriban mara sita zaidi, na ulikuwa mfupi kwa mistari kama 2,000. Kwenye fomu akaandika: kutoa 2,000. Mwenzake Andy Hertzfeld, aliyesimulia kisa hicho, anasema baada ya wiki chache mameneja waliacha kumdai Atkinson fomu hiyo. Kwa kipimo cha mistari, wiki ile mhandisi huyo alikuwa amerudi nyuma. Kwa kipimo cha kazi, alikuwa ameipa kompyuta mpya kitu ambacho kila mtumiaji angekihisi.

Mama wa Dar es Salaam anaielewa hatari hiyo ya kuhesabu mistari mpaka kwenye vidole. Amri ya git blame huonyesha kila mstari uliguswa mwisho na nani. Mtu aliyepitisha programu ya kunyoosha mpangilio kwenye faili zote ataonekana mmiliki wa maelfu ya mistari ambayo hakuiwaza hata mmoja. Kwa hiyo huiongezea amri hiyo alama ya -w, ili ipuuze mabadiliko ya nafasi tupu, na -C, ili ifuatilie mistari iliyohamishwa kutoka faili jingine. Hapo ndipo jina la aliyefikiri hujitokeza. Vivyo hivyo haongozwi na miraba ya kijani ambayo tovuti ya GitHub ilianza kuionyesha kwenye kurasa za watumiaji mwaka 2013. Miraba hiyo inasema mtu alikuwepo siku gani, haisemi alibeba uzito gani. GitHub wenyewe waliiondoa hesabu ya siku mfululizo mwaka 2016.

Namba inayoingia kwenye wasifu ni ile iliyopimwa. Kijana akisema ukurasa wa ripoti uliokuwa ukichukua sekunde tisa sasa unachukua moja, mama huuliza nani alipima, kwa chombo gani, na mfumo ukiwa na watumiaji wangapi. Jibu likipatikana, namba inaingia pamoja na mazingira yake. Lisipopatikana, sentensi inaeleza kilichoonekana: kwamba wahasibu sasa wanatoa ripoti wenyewe mchana, wakati zamani iliwabidi wasubiri usiku. Habuni asilimia, na habadilishi “kidogo” ikawa “kwa kiasi kikubwa”. Nimemwona akiiacha nje sentensi nzuri sana kwa sababu tu kijana hakuweza kuitetea kwa swali la tatu. Kuandika wasifu kwa uadilifu wa namna hiyo ni kumlinda mwenye wasifu, kwa sababu atakayekaa peke yake mbele ya jopo la usaili ni yeye.

Mwishoni mwa usomaji huu daftari huwa na mambo mengi, na kazi inayobaki ni kupepeta. Katika mamia ya mabadiliko, yatakayobaki kwenye ukurasa ni sita au saba. Vigezo vyake si vya siri. Anachagua lililoondoa maumivu ya watu halisi. Anachagua lililohitaji uamuzi, pale palipokuwa na njia mbili na kijana akawa na sababu ya kuchukua moja. Anachagua lililodumu, na hilo Git inalithibitisha: msimbo wa miaka mitatu iliyopita ambao bado unafanya kazi bila kuguswa ni ushahidi mzito. Yanayofanana huyaunganisha. Yaliyokuwa mafunzo tu huyaacha, hata kama mwenyewe anayapenda.

Katika ufupi huu wapo waliotangulia. Ndani ya msimbo wa Linux kuna faili la siku nyingi liitwalo CREDITS. Kila mchangiaji aliyeorodheshwa humo ana mistari michache: N ni jina, E ni barua pepe, D ni maelezo ya alichofanya, S ni anwani ya posta. Soma mistari ya D tu, mmoja baada ya mwingine, nawe utapata darasa zima la uandishi wa wasifu. Mtu aliyeandika kiendeshi cha kifaa fulani anatajwa kwa kifaa hicho, kwa jina lake. Aliyetunza mfumo fulani wa faili anatajwa kwa mfumo huo. Sifa hazimo, na heshima imo tele, kwa sababu kila kilichotajwa kinaweza kwenda kutazamwa.

Linux imetufundisha pia kwamba kuandika msimbo ni sehemu moja tu ya kazi. Tangu 2004 viraka vinavyoingia humo hubeba mstari wa mtu anayethibitisha kuwa ana haki ya kuutoa msimbo huo, na ziko alama nyingine za aliyekagua, aliyejaribu, na aliyeripoti dosari. Katika hazina nyingi za maofisini alama hizo hazipo, na jina la aliyekagua halitokei mahali popote kwenye git log. Kwa hiyo fundi makini huenda kwenye mijadala ya ukaguzi, pale wenzake walipobishana kabla badiliko halijakubaliwa. Huko hupatikana dada ambaye kwa mabadiliko yake mwenyewe anaonekana wa kawaida, kumbe ndiye aliyezuia hitilafu za watu wanne zisiwafikie wateja. Kazi hiyo inastahili mstari wake kwenye ukurasa. Na pale ambapo timu ilifanya pamoja, wasifu unasema timu ilikuwa ya watu wangapi na yeye alishika kipande gani. Anayejitwalia kazi ya wote hugundulika kwa simu moja ya mwajiri kwenda kwa mwenzake wa zamani.

Afrika Mashariki tunao uwanja mzuri wa kujifunzia ufundi huu. OpenMRS, mfumo huria wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ulianza kubuniwa mwaka 2004 kutokana na mahitaji ya huduma za UKIMWI huko Eldoret, na ukaanza kutumika huko mwaka 2006. Msimbo wake uko wazi, na miongoni mwa waliouchangia wamo vijana wengi wa Kenya na Uganda. Kwa miaka mingi mradi huo umepokea washiriki kupitia Google Summer of Code, mpango ulioanza 2005. Mwisho wa msimu kila mshiriki hutakiwa kuwasilisha kiungo cha ukurasa mmoja unaosema lengo lilikuwa nini, amefanya nini, kazi iko katika hali gani, msimbo upi umekubaliwa, na nini kimebaki. Swali hilo la mwisho ndilo linalonivutia. Mtu anayeweza kutaja bila woga kilichobaki anaijua kazi yake mpaka ukingoni, na mwajiri mwenye macho humwamini zaidi.

Hata hivyo, msimbo wa walio wengi uko nyuma ya milango ya benki, kampuni za simu na idara za serikali. Hapa ufundi unadai adabu. Msimbo wa mwajiri haunakiliwi kwenda nao nyumbani, majina ya wateja hayatajwi, wala takwimu za biashara ambazo hazijatangazwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini hata bila sheria, anayefichua siri za ofisi aliyotoka anamwambia mwajiri mpya atakavyomtendea. Kinachoandikwa ni aina ya tatizo na namna ya utatuzi. Mama huwashauri vijana wa ofisi hizo wawe na daftari lao, na kila Ijumaa waandike kwa maneno yao wenyewe walichojifunza na uamuzi waliofanya, bila kunakili mstari hata mmoja wa msimbo. Baada ya mwaka, daftari hilo hufanya kazi ambayo Git ingefanya.

Siku hizi ziko programu za akili bandia zinazoweza kumeza historia nzima ya hazina na kutoa wasifu kwa dakika chache. Mama huzitumia kukusanya na kupanga, kisha huanza upya kuuliza. Programu inaona kwamba mistari fulani ilibadilika. Haikuwepo wateja walipolalamika, wala haijui ni nani aliyebishana na meneja ili kazi ifanywe ipasavyo. Nayo ina tabia ya kukuza mambo. Kwa upande mwingine, msimbo mwingi sasa huandikwa kwa msaada wa programu hizohizo, na vijana humuuliza kama wanaweza kuuhesabu kuwa wao. Jibu lake ni kwamba unaweza kuuandika kwenye wasifu kama unaweza kueleza kwa nini uko hivyo, ungevunjika wapi, na ulijuaje kuwa ni sahihi.

Ukurasa unapokamilika, mama hutunza hata sura yake. Wapo wanaopanga wasifu kwa LaTeX, mfumo alioujenga Leslie Lamport miaka ya 1980 juu ya TeX ya Donald Knuth. Wapo wanaoutunza kama faili la data kwa mpangilio wa JSON Resume, lililowekwa kwenye Git kama msimbo mwingine wowote, hata wasifu nao ukawa na historia yake. Kwa vyovyote, mpangilio ni wa safu moja, bila picha za kupamba, maana kampuni nyingi huchuja maombi kwa programu inayosoma maandishi tu. Jambo zito hukaa juu. Viungo hujaribiwa kimoja kimoja. Kisha kijana husoma kila mstari kwa sauti, na mama humuuliza kwa nini mara tatu. Mstari unaostahimili maswali matatu unabaki.

Nimewatazama vijana wakitoka kwenye kazi hii, na faida kubwa niliyoiona haikuwa ajira, ingawa wengi waliipata. Mtu aliyekuja akisema “nimerekebisharekebisha tu” anaondoka akiwa anajua kwa ushahidi kuwa amefanya mambo sita ya maana, na anaweza kuyataja bila kujisifu na bila kujidunisha. Kwa hiyo ombi langu kwa kila anayeandika programu ni kwamba asingoje siku ya kutafuta kazi. Leo, kabla ya kuliingiza badiliko lako, acha kuandika “marekebisho”. Andika sentensi mbili: nini kilikuwa kibaya na kwa nini umekitengeneza hivi. Wenzako watakushukuru kesho watakapozisoma, na siku utakapoulizwa umefanya nini katika kazi yako, jibu litakuwa limeshaandikwa, kwa jina lako, na tarehe yake.